Je, Daktari Mpya wa Meno Yu Tayari?



Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike habari ya historia itakayowafaa wanafunzi wa mchepuo wa sayansi. Ningeweza kuandika juu ya majengo ya shule yetu na walimu waliotulea, lakini kazi hiyo imekwisha kufanywa vizuri na wengine katika matoleo yaliyopita. Nimechagua fani ambayo siku zetu ilitajwa kwa nadra mno, yaani udaktari wa meno. Kidato cha sita kilipoulizwa nani anataka kuwa daktari, mikono mingi iliinuka. Kilipoulizwa nani anataka kuwa daktari wa meno, darasa lilicheka.

Mimi si tabibu. Ni mtumishi wa umma, ofisa utumishi katika halmashauri ya wilaya. Kazi yangu ni kupokea watumishi wapya, kuwafungulia majalada, kuwapeleka vituoni na kufuatilia mwaka wao wa majaribio. Kwa miaka 15 nimewapokea walimu, mabwana shamba, wahandisi, wauguzi na madaktari, wakiwamo wa meno, ingawa hao ni wachache. Kila ninapompeleka mtu mpya kituoni, mkuu wa kituo huniuliza swali lile lile: "Huyu yuko tayari, au anakuja kujifunzia kwetu?" Swali hilo ni la haki, kwa sababu mgonjwa akiisha kukaa kwenye kiti na kufungua kinywa hana la kufanya ila kuamini. Lina historia yake pia, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Zamani za wanagenzi

Kwa karne nyingi kazi ya meno haikuwa na shule. Aliyetaka kuijua alijiweka chini ya fundi akawa mwanagenzi. Alishika taa, akaosha vyombo, akamshika mgonjwa mabega, na baada ya miaka kadhaa akaachiwa koleo. Ndivyo ilivyokuwa Ulaya, ambako kinyozi alikuwa pia mng'oa meno. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa kilichokusanya maarifa ya fani hiyo. Hata hivyo, chuo cha kwanza cha udaktari wa meno kilifunguliwa mwaka 1840 tu, huko Baltimore, Marekani. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1878 kuanzisha daftari la madaktari wa meno, na kwa sheria nyingine ya mwaka 1921 ikawafungia mlango wale ambao hawakuwamo katika daftari hilo.

Vyuo vilileta faida kubwa. Mwanagenzi alijua kile tu alichokijua fundi wake, pamoja na makosa ya fundi huyo, na chuo kikafungua dirisha pana zaidi. Lakini vyuo vilileta pia shaka ambayo haikuwapo zamani. Mwanagenzi hakuulizwa kama yu tayari, maana siku alipoachiwa koleo alikuwa amekwisha kung'oa meno mengi mbele ya macho ya fundi. Mhitimu wa chuo huja na cheti, na mgonjwa hana njia ya kujua mkono ule umeifanya kazi ile mara ngapi. Waingereza wenyewe waliliona jambo hili. Tangu mwaka 1993, mhitimu wao aliyetaka kufanya kazi kwa kujitegemea katika huduma ya afya ya taifa alitakiwa kwanza akae mwaka mmoja chini ya daktari mzoefu. Baada ya vyuo vya zaidi ya miaka 100, walimrudishia mhitimu sehemu ya uanagenzi.

Nchi isiyo na chuo

Kwetu, Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu, kwa hesabu ambayo Mwalimu Nyerere alipenda kuikumbusha. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu. Katika juhudi hizo zote, meno yalisubiri. Serikali iliyokuwa ikipambana na malaria, kifua kikuu, surua na utapiamlo isingeweza kuanza na kinywa, na hapana wa kuilaumu.

Mtanzania aliyetaka shahada ya udaktari wa meno, basi, alikwenda ng'ambo. Kuanzia mwaka 1974 mafunzo hayo yalianza Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1982 Makerere nao wakaanza. Wale waliosomea nchi za mbali walirudi wakiwa wamefundishwa vizuri, lakini walikuwa wamefundishwa kwa ajili ya mahali pengine. Walizoea umeme usiokatika, mashine ya kutobolea jino, picha za eksirei na mgonjwa anayekuja kukaguliwa hata kama haumwi. Nyumbani walikuta foleni ya watu waliovumilia miezi kwa karafuu na maji ya chumvi, wakaja hospitali siku shavu lilipovimba. Watu hao hawakuja kukaguliwa. Walikuja wakisema, "Daktari, ling'oe."

Hapo ndipo tunapopata fundisho la kwanza. Mtu hawezi kuwa tayari hivi hivi tu, pasipo kutaja mahali. Huwa tayari kwa kazi fulani, katika kituo fulani, kwa watu fulani.

Muhimbili, mwaka 1979

Mwaka 1979 mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, kwa msaada mkubwa wa Finland. Kozi ilikuwa ya miaka 5, na wahitimu wa kwanza walitoka katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980. Wenzetu wenye umri wanakumbuka ilikuwa miaka gani. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vilikuwa vimekwisha punde, fedha za kigeni hazikuwapo, na watu walipanga foleni ya sabuni na sukari. Nchi iliyokuwa katika hali hiyo ikajifunga kibwebwe ikaanza kusomesha madaktari wake wa meno. Chuo chenyewe kilibadilika jina mara kadhaa. Mwaka 1991 kikawa Chuo Kikuu Kishiriki, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Afya na Sayansi Shirikishi. Kwa miaka mingi kilikuwa chuo pekee nchini kilichotoa shahada hiyo.

Pembeni mwa wenye shahada walifunzwa matabibu wa meno, katika shule za Mbeya na Tanga. Tabibu mwenye uzoefu aliweza kurudi darasani akawa daktari msaidizi wa meno. Nawaombeni mwakumbuke watu hawa, maana wilaya nyingi kwa miaka mingi hazikumjua daktari mwingine wa meno ila wao. Mwaka 1988 ukaanza Mpango wa Taifa wa Afya ya Kinywa, uliokusudiwa kufika mwaka 2002, na kwao ndiko mzigo wa vijijini ulikoangukia.

Mhitimu wa miaka ile hakuwa na njia mbili. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imezuia hospitali za watu binafsi za kujipatia faida, na kizuizi hicho hakikuondolewa hadi mwaka 1991. Aliyehitimu alipangiwa kituo cha serikali au hospitali ya shirika la dini, akafunga mizigo akaenda. Huko ndiko alikokutana na mambo ambayo vitabu vyake, vilivyoandikwa Ulaya na Marekani, havikuyajua.

Yasiyokuwamo vitabuni

La kwanza ni umeme. Vitabu vilimfundisha kuziba jino kwa mashine, na mashine hutaka umeme, kompresa ya hewa na fundi wa kuitengeneza. Pasipo mashine, jino lenye tundu dogo na jino lililooza kabisa yote yalipata dawa moja, nayo ni koleo. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya meno ya Dar es Salaam, pamoja na wenzake walijaribu njia nyingine. Walikwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu, kisha wakajaza tundu kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino lenyewe. Hapakuhitajika umeme wala mlio wa mashine, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haikuhitajika. Vyombo vyote viliingia katika mkoba mmoja. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe. Mwaka 1994, ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono. Leo hutumika katika nchi nyingi, zikiwamo tajiri, hasa kwa watoto wanaoogopa mashine. Vijana, lijueni jambo hili: njia hiyo ilianzia hapa kwetu, kwa sababu watu walikataa kusubiri umeme.

La pili ni maji. Daktari aliyepangiwa Arusha au Kilimanjaro alikuta vijana wenye meno ya kahawia, yenye madoa na vishimo, ingawa hayakuoza. Sababu yake ni madini ya floraidi yaliyozidi katika maji yanayotoka katika miamba ya volkeno. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja. Mwaka 1974 nchi yetu ilijiwekea kipimo cha muda cha miligramu 8, kwa kuwa kushika kile cha dunia kungeviacha vijiji vingi bila maji kabisa. Magadi yanayotiwa katika makande na maharage huongeza madini hayo. Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, ni jina linalojulikana kwa sababu hiyo, na jirani yake, Ngurdoto, pana kituo cha utafiti ambako maji husafishwa kwa mkaa wa mifupa. Vitabu vya Ulaya vilisifu floraidi kuwa kinga ya meno, na ni kweli, kwa kiasi chake. Mhitimu aliyejua nusu hiyo tu angewapa watu wa Meru ushauri wa kuwadhuru.

La tatu ni imani. Katika miaka ya 1980 zilienea habari za "meno ya nailoni", wengine wakiyaita "meno ya plastiki". Mtoto mchanga aliposhikwa na homa na kuharisha, ilisemwa kwamba ana meno mabaya ndani ya ufizi. Mganga akaukata ufizi kwa chombo kichafu na kuchimbua chipukizi la jino la mtoto. Uganda wanalo jambo hilo hilo, na huliita ebiino. Watoto walipata maambukizo na kupungukiwa damu, wengine wakafa, huku ugonjwa wenyewe ukiwa ni malaria au tumbo lililohitaji maji ya chumvi na sukari. Daktari kijana angefanya nini mbele ya bibi anayeamini hivyo kwa moyo wake wote? Kumkaripia hakusaidii kitu. Alipaswa kuamkia, kukaa, kusikiliza, kisha kueleza kwa subira. Hilo halikufanyiwa mtihani.

La nne ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, wakati wahitimu wa kwanza wa meno wa Muhimbili wakiwa wanakaribia kumaliza au ndiyo kwanza wanaanza kazi. Utando mweupe mdomoni na uvimbe wa rangi ya zambarau katika kaakaa mara nyingi huwa miongoni mwa dalili za mapema, na mtu wa kuziona ni yule anayechungulia vinywa. Glavu, ambazo zamani hazikuvaliwa kila mara, zikawa lazima kwa kila mgonjwa, na kuchemsha vyombo kukawa suala la uhai wa mtu. Hapana mwalimu aliyeweza kuwafundisha jambo ambalo dunia nzima ilikuwa haijalijua.

La tano ni lugha. Udaktari husomwa kwa Kiingereza, lakini maumivu husemwa kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Mgonjwa husema jino linapwita, linavuta hadi sikioni, linachoma usiku. Akisema, "Nikinywa maji baridi jino linaingia ganzi," maana yake jino linashtuka na kuuma. Daktari akisema, "Nitakuchoma sindano ya ganzi," maana yake jino halitasikia kitu. Neno ni moja na maana zinapingana. Mhitimu asiyeutambua mtego huo anaweza kutibu jino lisilo lenyewe, naye alifaulu kwa alama za juu.

Mwaka mmoja chini ya mkubwa

Hayo matano yanaonyesha kwa nini nchi yetu nayo, kama Uingereza, haimwachii mhitimu wa meno kiti siku ile ile anapovua joho. Hupewa kwanza usajili wa muda, akafanya kazi miezi 12 hospitalini chini ya usimamizi, naye katika kipindi hicho huitwa mtarajali. Akimaliza ndipo anapostahili usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Sheria ya taaluma za udaktari na meno ya mwaka 2017 imeuweka utaratibu huo bayana.

Chuo nacho hakikukaa kimya. Kati ya mwaka 2008 na 2011 Muhimbili walipitia mitaala yao yote, na kabla ya kuiandika upya waliwauliza wahitimu waliokwisha kuingia kazini ni nini walichokosa. Mitaala mipya iliyoanza mwaka 2011 haikuhesabu tena saa za darasani peke yake. Ilitaja mambo ambayo mhitimu lazima aweze kuyafanya, yakiwamo kuzungumza na mgonjwa, kufanya kazi na wenzake na kushika maadili. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hatua ya kiungwana sana, kwa kuwa si kila mwalimu hukubali kumuuliza mwanafunzi wa zamani kama alimfundisha sawasawa.

Yanayoonekana katika majalada

Sasa nisemeni yale ninayoyajua kwa kazi yangu. Mwaka wa mtarajali hupita katika hospitali kubwa, penye madaktari bingwa, vyombo na saruji. Baada yake huja barua ya kupangiwa kituo, kama ajira ipo. Hapo ndipo historia yote niliyoieleza hujirudia kwa mtu mmoja mmoja.

Nina majalada mawili ambayo huyafikiria mara kwa mara. La kwanza ni la kijana ambaye matokeo yake chuoni yalikuwa ya wastani. Alipangiwa hospitali ambako alimkuta daktari msaidizi wa meno aliyebakiza miaka 3 kustaafu. Kwa cheo kijana alikuwa juu. Kwa umri na mkono alikuwa mtoto. Siku ya kwanza alimwamkia mzee yule, "Shikamoo, baba," akamwomba amwonyeshe gego la mwisho la chini linavyotolewa bila kuvunja mzizi. Mzee, kwa upande wake, alimtaka kijana amweleze dawa mpya na namna mpya za kusafisha vyombo. Miaka mitatu ile wakafundishana. Mzee alipoagwa, kijana alikuwa daktari ambaye watu walipanda magari kutoka tarafa nyingine kumfuata.

La pili ni la binti aliyehitimu kwa alama za juu kuliko kijana yule. Alipangiwa kituo ambako kiti kilikuwapo lakini kompresa ilikuwa imekufa kabla hajafika, saruji ya kujazia ilikuwa imekwisha, na hapakuwa na mtu mwingine wa meno wa kushauriana naye. Aliandika barua ya kuomba vifaa, na barua ikajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Akaandika ya pili. Huku akisubiri, aling'oa. Aling'oa yaliyostahili, na yale ambayo angeweza kuyaokoa akayang'oa pia, kwa sababu mgonjwa aliyelala akilia hawezi kuambiwa angojee bajeti. Mwaka wa tatu akaomba uhamisho. Katika barua yake mlikuwa na sentensi moja ambayo sijaisahau: kwamba mkono wake umeanza kusahau kuziba.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Kwa ujuzi wa kichwani labda ni kweli. Ujuzi wa mkono huzeeka upesi, na hao wanaokaa mtaani miaka wakingoja ajira baada ya kumaliza mwaka wa mtarajali wanalijua hilo kuliko mimi.

Sisemi haya kwa kutegemea majalada mawili peke yake. Niliitaja njia ile ya kuziba kwa vyombo vya mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambao Frencken mwenyewe alishiriki pamoja na Watanzania, uliangalia kliniki za serikali ambazo watumishi wake walifundishwa njia hiyo. Kuziba kuliongezeka, ila kung'oa kuliendelea kutawala. Watumishi walikuwa wameandaliwa. Vifaa na mazoea, hata ya wagonjwa wenyewe, havikuwa vimeandaliwa pamoja nao. Katika nchi ile ile iliyoizaa njia hiyo, koleo bado lilikuwa mbele.

Na hasara ni ya nani? Mtoto wa Kitanzania wa miaka 12, kwa wastani, hafikishi hata jino moja lililotoboka. Kwa kulinganisha na nchi nyingi hilo ni jambo la kujivunia. Maana yake kazi ya kuokoa meno ya watoto wetu si mlima usiopandika. Matundu ni machache, na mengi yangezibika kwa mkoba mmoja wa vyombo. Lakini mengi hayatibiwi kabisa mpaka yaume. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na likitolewa akiwa na miaka 14 halioti tena. Atatafuna upande mmoja maisha yake yote kwa sababu ya tundu lililokuwa dogo kama punje ya mtama.

Jibu langu

Basi, je, daktari mpya wa meno yu tayari? Kwa kuitazama historia hii, najibu kwamba mhitimu hupikwa chuoni na huivia kituoni. Wa mwaka 1984 na wa leo hawakutoka chuoni wakiwa wamekamilika, wala hapana chuo duniani kinachoweza kumkamilisha mtu peke yake. Wanaomkamilisha ni mkubwa aliyesimama nyuma ya bega lake na vyombo vilivyomo mezani. Kituo kinachouliza kama mtu mpya yu tayari nacho kiulizwe kama kimejiandaa kumpokea.

Miongoni mwetu tuliosoma shule hii wamo wenyeviti wa bodi za hospitali, wakurugenzi, wahasibu na madiwani. Kwenu nasema hivi. Bajeti ya kituo ikipitiwa, ulizeni saruji ya meno na vyombo vya mkono viko wapi. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mafuta ya magari yetu. Msikubali mhitimu mpya apelekwe peke yake mahali ambapo hapana hata tabibu mzoefu, kama kuna njia nyingine. Nao wenye kliniki zao binafsi, ambazo zimeongezeka tangu sheria ilegezwe mwaka 1991, wafungueni milango kwa vijana wanaongoja ajira, hata kwa siku mbili kwa wiki, mikono isisahau.

Kwenu wanafunzi, msicheke tena fani hii ikitajwa. Fizikia, Kemia na Baiolojia mtazihitaji, lakini fanyeni mazoezi ya maabara kwa mikono yenu wenyewe, msinakili majibu ya jirani. Kitunzeni Kiswahili chenu, maana ndicho mtakachomwelezea bibi mwenye hofu. Nanyi mkipangiwa kituo siku moja, mkamkuta mzee mwenye cheo cha chini kuliko chenu, mwamkieni kwanza.

Nina pendekezo moja kwa kamati ya mkutano wetu wa mwaka huu. Madaktari na matabibu wa meno waliotoka shuleni hapa wapewe chumba kimoja siku ya Jumamosi, wawakague wanafunzi wote wa kidato cha kwanza, na matundu yanayozibika yazibwe hapo hapo kwa vyombo vya mkono. Kila mmoja wao aje na mhitimu mpya mmoja wa kufanya naye kazi. Fedha za saruji tuchange sisi. Mimi nimekwisha kumkabidhi mtunza hazina mchango wangu, na daftari liko wazi kwa wengine.

Nawatakia nyote mkutano mwema.